Mashine Iliyokuwa na Mwenyewe

Juma hili hatukuandika habari za mapishi wala za malezi. Tumekusudia kuwasimulia kisa cha mashine moja kuukuu ya marehemu baba yetu, kwa sababu nusura ituletee msiba, na kwa sababu yaliyotusibu sisi huenda yanangoja katika nyumba ya mmoja wenu bila ya mwenyewe kutambua.

Siku ya pili ya Idi tulikusanyika kwa Mama, Mji wa Kale hapa Mombasa, kama ilivyo ada yetu. Baada ya chakula vijana wakaomba kitolewe kikuza sauti cha babu yao, kilichokuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa tangu alipofariki miaka 11 iliyopita. Wakakipangusa vumbi, wakakiweka chini, wakachomeka plagi. Vali zake, ambazo sisi nyumbani tulizoea kuziita taa, zikaanza kuwaka wekundu hafifu, na spika zikatoa mngurumo mzito kama wa nyuki mzingani. Watu wakapiga makofi.

Wakati huohuo mjukuu wa Mama, mtoto wa miaka 6, alikuwa anatoka kunawa mikono. Hakuvaa viatu, na nyayo zake zilikuwa zimelowa juu ya sakafu ya saruji. Akanyosha mkono aiguse ile taa nyekundu. Hakuifikia. Vidole vyake viligusa bati la mashine, naye akatupwa nyuma kama aliyesukumwa na mtu mzima. Ndugu yetu alizima swichi ya ukutani kabla ya kumgusa mtoto, na kwa hilo twamshukuru Mwenyezi Mungu, maana wengi katika hali hiyo humkimbilia mtoto kwanza, wakanaswa pamoja naye. Mtoto alipelekwa kwa daktari, akapimwa moyo, akarudi na kidole kilichoungua na ndoto mbaya za siku kadhaa. Alhamdulillahi, hapakuwa na zaidi ya hayo.

Jioni ile Mama alisema neno moja: "Mimi niliwaambia zamani, mashine ile ina mwenyewe."

Ni kweli alisema. Tangu utotoni mwetu, kila aliyeigusa mashine hiyo aliona vidole vikimwasha, kana kwamba ametembelewa na siafu. Mama alikuwa haigusi ila kwa kanga aliyoikunja mara mbili. Baba alicheka tu. Sisi tulikua tukijua kwamba mashine ya baba huwasha, kama mtu ajuavyo kwamba ngazi fulani ya nyumba yao hulia ikikanyagwa. Hilo ndilo linalotutia haya hadi leo. Kwa zaidi ya miaka 30 mashine ilituambia kwamba ina kasoro, nasi tukaigeuza kasoro hiyo kuwa hadithi ya nyumbani.

Ami yetu alitoa shauri mashine iuzwe. Wapo madalali wanaovizunguka vyombo vya aina hii, kwa kuwa ng'ambo watu huvipenda na kuvilipia vizuri. Lakini kumuuzia mtu kitu chenye aibu bila ya kumtajia aibu yake ni jambo tusiloliweza, na tukimtajia hatanunua. Wengine wakasema itupwe. Mama hakukubali hili wala lile. Akasema: "Hiyo ndiyo sauti pekee ya baba yenu iliyobaki humu ndani." Hakumaanisha kwamba sauti yake ilirekodiwa. Alimaanisha kwamba kila mwezi wa Ramadhani, kabla ya futari, Baba aliweka santuri ya kisomo cha Sheikh Abdul Basit Abdus Samad wa Misri, na nyumba nzima ikatulia. Siku za furaha aliweka santuri za taarabu, za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na za Juma Bhalo wetu.

Ndipo binti yetu wa kidato cha tatu, aliyekuwa kimya wakati wote, aliposema: "Kwa nini tusiitengeneze?"

Kwanza tulimkatalia. Mtoto ameangushwa na umeme, kisha tumpe mwengine bisibisi? Lakini alituuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake: ikiwa hakuna hata mmoja wetu ajuaye kilichomwangusha mdogo wake, tunajuaje kwamba friji haitamwangusha kesho? Tukaenda naye kwa mzee mmoja wa mtaani, fundi wa redio tangu zama ambazo redio zote zilikuwa za vali. Binti akamwamkia, akamweleza. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Nitaitengeneza kwa sharti mbili, mjukuu wangu. Usiitie plagi mpaka nikwambie. Na usitie mkono ndani mpaka nikuonyeshe."

Kabla ya kueleza alichokikuta, inafaa tuseme chombo chenyewe ni kitu gani. Ni kikuza sauti cha Leak Stereo 20, kilichotengenezwa London na kampuni iliyoanzishwa na Harold Leak mwaka 1934. Aina hii ilitoka mwaka 1958, mwaka uleule ambao santuri za stirio zilianza kuuzwa madukani. Baba, aliyekuwa karani bandarini, aliinunua kwa Mwingereza aliyekuwa akifunga safari ya kurudi kwao baada ya Uhuru. Ina vali 8. Tatu ndogo, za aina ya ECC83, hupokea sauti dhaifu na kuianzishia nguvu. Nne, za aina ya EL84, mbili kila upande, huipa nguvu ya kusukuma spika. Moja, ya aina ya GZ34, hugeuza umeme wa ukutani unaokwenda mbele na nyuma uwe umeme wa njia moja. Nguvu yake ni takriban wati 10 kila upande, kiasi cha kutosha ukumbi wa nyumba, si zaidi.

Vali yenyewe ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake mna kipande cha madini kinachopashwa moto hadi kiwe chekundu, na joto hilo hurusha chembe za umeme kuelekea kwenye bamba lililo kandokando. Kati yao mna kiwavu chembamba. Sauti dhaifu inapofika kwenye kiwavu, huzizuia au kuziachia zile chembe, na kwa hiyo mkondo mkubwa hufuata mwendo wa mkondo mdogo. Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni vali ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza kiwavu mwaka 1906. Redio, simu za masafa marefu na sinema zenye sauti zilitegemea chupa hizo, hadi transista ilipobuniwa Marekani mwaka 1947 na polepole ikazipokonya kazi.

Lakini vali haifanyi kazi kwa umeme mdogo kama wa betri ya tochi. Ndani ya mashine ya Baba umeme wa ukutani wa volti 240 hupandishwa na transfoma hadi kuzidi volti 300, kisha huwekwa akiba katika vikopo viitwavyo kapasita. Akiba hiyo yaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Ndiyo maana somo la kwanza la mzee halikuwa la kutengeneza, lilikuwa la kujilinda. Plagi ikae mezani, mbele ya macho, ili ijulikane kwamba haimo ukutani. Kapasita zitolewe akiba yake polepole kwa kupitia rezista yenye mishiko ya plastiki, kisha zipimwe kwa mita mpaka isome karibu na sufuri. Bangili na pete zivuliwe, na mikono ya buibui ikunjwe. Na kila inapobidi kupima mashine ikiwa na umeme, mkono mmoja ufanye kazi na wa pili uwe mgongoni, ili umeme usipate njia ya kutoka mkono hadi mkono ukikatisha moyo. Mafundi wanaume huutia mkono mfukoni. Binti yetu hana mfuko, akafundishwa mgongoni.

Kisha mzee aliigeuza mashine, akafungua bati la chini. Hakuhitaji mita. Alimwita binti, kisha akatuita sisi tulioketi barazani.

Waya wa umeme uliotoka kwenye plagi ulikuwa wa zama za kale, wenye nyuzi tatu: nyekundu ya umeme, nyeusi ya kurudishia, na kijani ya ardhi. Pale ulipopenya kwenye tundu la bati, mpira wake ulikuwa umekauka na kumomonyoka kama maganda ya kitunguu, na shaba ya uzi mwekundu ilikuwa ikikaribia bati kiasi cha unywele. Hewa yetu ya bahari, yenye unyevu na chumvi, ilikuwa imejenga ukungu mweupe katikati yao, na ukungu huo ndio uliopitisha umeme kidogokidogo miaka yote. Siku ya Idi mashine ilipoburutwa sakafuni, waya ulisogea, shaba ikagusa bati.

Hilo peke yake lisingemdhuru mtoto. Uzi wa kijani kazi yake ni kulishika bati na kulifunga na ardhi, ili umeme ukipotea njia uende ardhini na fyuzi ikatike papo hapo. Uzi huo ulikuwapo. Lakini ulikuwa umekatwa kwa koleo, ukakunjwa nyuma, ukafungwa utepe kwa unadhifu. Aliyeukata alikuwa fundi, na alijua anachokifanya.

Tukamwuliza mzee, ni kwa nini mtu afanye hivyo. Akasema: "Kwa ajili ya mngurumo." Mashine ilikuwa inanguruma, mwenye nyumba akalalamika, na fundi akaona kwamba akikata waya wa ardhi mngurumo unapungua. Akaukata, akalipwa, akaenda zake. Chanzo cha mngurumo hakukitafuta. Na hapo ndipo Mama alipokumbuka: mashine haikuwa ikiwasha walipoinunua. Ilianza kuwasha baada ya kutoka kwa fundi. Mwenyewe wa mashine alikuwa ameingizwa humo siku moja, kwa koleo.

Kwa muda wa Jumamosi sita binti yetu alikwenda kwa yule mzee baada ya madrasa, na mmoja wetu akifuatana naye. Waya wa ukutani ulitolewa wote, ukatiwa mpya wenye rangi za sasa: kahawia ya umeme, buluu ya kurudishia, na kijani yenye mstari wa manjano ya ardhi. Kwenye tundu la bati ulipitishwa kishikizo cha mpira ili usikwaruzwe wala kuvutwa. Uzi wa ardhi ulifungwa kwenye bati kwa skrubu na nati yake peke yake, bila ya kushirikishwa na kitu kingine. Ndani ya plagi palikuwa na fyuzi ya ampea 13; ikawekwa ya ampea 3, kwa sababu mashine ndogo haihitaji zaidi, na fyuzi kubwa hungoja mpaka waya uungue ndipo ikatike.

Baadaye wakamtafuta aliyekuwa akinguruma. Kapasita kubwa za kusafishia umeme zilikuwa zimekauka ndani kwa uzee. Hizo ndizo zilizoachia mngurumo upite hadi kwenye spika. Zikabadilishwa, na mzee akamwonya binti asidhani kwamba kubwa zaidi ni bora zaidi: vali ya GZ34 haivumilii kapasita ya kwanza inayozidi maikrofaradi 60. Kapasita ndogo za karatasi, zinazopitisha sauti kwenda kwenye vali kubwa, nazo zilipimwa moja baada ya moja. Moja ilikuwa inavujisha umeme. Uvujaji huo huifanya vali ipitishe mkondo kupita kiasi, bamba lake liwe jekundu, na mwishowe iunguze transfoma ya spika, ambayo ndiyo roho ya mashine na si rahisi kupatikana. Rezista kadhaa zilikuwa zimepanda thamani yake kwa joto la miaka. Moja iliyoandikwa omu 100,000 ilisoma 140,000. Zote zikabadilishwa. Miguu ya vali na soketi zake ikasafishwa kwa spiriti na brashi laini, wala si kwa msasa, kwani msasa huondoa rangi ya madini inayoizuia kutu.

Katika vali 8, 6 zilikuwa bado nzima baada ya zaidi ya miaka 60. Mbili za EL84 zilikuwa zimechoka. Vali za aina hiyo zinatengenezwa hadi leo Slovakia na Urusi, na jozi moja iliagizwa.

Neno moja kwa akina mama: moshi wa kulehemu usivutwe, dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mjamzito na watoto wadogo wakae mbali na meza, kwa kuwa lehemu ya zamani ina risasi.

Siku ya kuiwasha, mzee hakuichomeka ukutani moja kwa moja. Alikuwa na kibao chenye soketi na balbu ya kizamani, ile yenye uzi wa ndani, na umeme wote wa mashine ulipita kwanza kwenye balbu hiyo. Kukiwa na hitilafu ndani, balbu huwaka kwa nguvu na kuumeza umeme, mashine isiungue. Mara ya kwanza aliiwasha bila vali hata moja, akapima transfoma. Kisha akarudisha vali, akaunganisha spika, kwani mashine ya vali haiwashwi bila spika, akabonyeza swichi. Balbu iling'aa, sote tukashika pumzi, kisha ikafifia polepole mpaka ikabaki na wekundu mdogo. "Imekubali," akasema. Kisha, bila ya balbu, binti yetu akapima kila vali kubwa, mkono wa kushoto ukiwa mgongoni, na mita ikaonyesha kwamba kila jozi imegawana kazi sawasawa.

Mngurumo ulikuwa umekwisha, na waya wa ardhi ulikuwa mahali pake. Yule fundi wa zamani angeyapata yote mawili lau angefanya subira.

Jumamosi ile, kabla ya Magharibi, tuliirudisha kwa Mama. Lakini mzee alikataa ichomekwe mpaka aipime soketi yenyewe, akakuta kwamba soketi ya ukumbini ina matundu matatu na waya mbili tu; tundu la ardhi halikufungwa na kitu. Mashine ikangoja siku nne zaidi, mpaka fundi wa umeme mwenye leseni alipoifunga nyumba nzima na ardhi na kutia swichi ya kinga, ile inayokatika mara umeme unapopotea njia. Hizo siku nne ndizo zilizotufundisha zaidi, kwa sababu nyumba ile tuliishi humo sote, tukapiga pasi na kuchomeka friji, tukidhani kwamba tundu la tatu lina maana.

Jumatano jioni Mama aliketi kitini mwake, akasema ianze santuri ya Sheikh Abdul Basit, taarabu ingoje. Vali zikapata moto. Kisomo kikajaa ukumbini, na nyuma yake hapakuwa na nyuki. Mama aliinuka, akaiweka kanga yake juu ya kiti, akalaza kiganja kitupu juu ya bati la mashine. Akakaa hivyo kitambo, macho ameyafumba.

"Amehama," akasema.

Mjukuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja mgongoni kama alivyofundishwa na dada yake. Hakuigusa mashine, wala hatukumlazimisha.

Wasomaji wetu, si kila nyumba ina kikuza sauti cha vali, lakini huenda nyumba yako ina chombo kinachowasha: friji ambayo hufunguliwa kwa kitambaa, pasi ambayo hushikwa kwa hadhari, bomba la maji moto bafuni ambalo watoto wameonywa tu waliogope. Chombo kikikuwasha vidole hata kidogo, kichomoe leo na usikirudishe mpaka kipimwe. Mwulize fundi kama soketi zako zina ardhi ya kweli, na akuonyeshe kwa kipimo, si kwa maneno. Akikwambia kwamba dawa ya mngurumo ni kukata waya wa kijani, mlipe nauli yake aende. Na mashine ya zamani iliyolala miaka mingi isichomekwe kwa furaha ya sherehe. Ifunguliwe kwanza, mchana, na mtu ajuaye. Kilichoachwa na wazazi ni amana, lakini watoto wanaocheza mbele yake ni amana kubwa zaidi.

Tukutane juma lijalo, inshallah. Wassalaam.